CG125 ya babu: iwashe kwanza, rangi baadaye

Mkuu, umesema umerithi Honda CG125 ya babu, imelala bandani Sengerema miaka mingi, hujawahi kushika injini, unahofia spea hazipatikani, na Jumamosi unataka kuifungua yote uipige rangi. Hizo kopo za rangi ziweke uvunguni kwanza. Ya kwangu niliifufulia uani hapa Nyakato, Mwanza, na ushauri wangu ni iwake ikiwa chafu hivyo hivyo. Pikipiki iliyofunguliwa yote na mgeni wa spana huishia kwenye ndoo, halafu huuzwa kwa kilo.

Kadi nayo mapema. Namba ya chesisi (ipo shingoni, usukani unapokaa) na ya injini zilinganishe na zilizo kwenye kadi. Kama kadi bado inasoma jina la babu, anza habari za mirathi na TRA (mamlaka ya mapato) sasa.

Usipige kiki. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, iache usiku kucha. Asubuhi weka gia ya juu, isukume taratibu mbele na nyuma. Injini ikizunguka, umeepuka gharama kubwa.

Tangi lenye kutu loweka kwa siki, suuza, kausha juani saa ile ile. Asilichomelee mtu likiwa bado linanuka petroli, mvuke wake hulipuka. Kwenye kabureta, petroli iliyolala huacha gundi ndani ya jeti (vitundu vya kupitishia mafuta). Mafundi wengi huchokonoa kwa waya wa chuma, tundu linapanuka, kisha unashangaa pikipiki inakunywa mafuta. Tumia mshipi wa nailoni wa kuvulia. Kwa mtu wa Mwanza sina haja ya kueleza unapatikana wapi.

Sasa spea, maana ndizo zinazokutisha, na hapo unaogopa bure. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiwa na nchi kama zetu akilini, ambako oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Ndiyo maana haina cheni ya taiming, ile ya kuendesha valvu. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili kutoka chini. Wachina wakaiiga, na bodaboda nyingi za Kichina unazozipisha Igoma zimebeba injini ya ukoo huo. Kwa hiyo ringi, gaskiti na sahani za klachi kaulizie maduka ya spea za bodaboda. Ila nenda na kifaa cha zamani mkononi, ukilinganishe pale pale kaunta, kwa sababu si kila kitu kinaingiliana. Pistoni ya 125 ni milimita 56.5. Ukipewa ya 62, hiyo ni ya 150, na "itaingia tu bosi" usiisikilize. Ukishafunga hedi (kichwa cha silinda), nafasi ya valvu ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa. Azima fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), usikisie kwa jicho. Oili iwe ya pikipiki, kwani klachi inaogelea humo humo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Umeme: CG za mwanzo ni volti 6 na zinatumia platini (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche). Soma maandishi kwenye globu kabla hujanunua betri. Watakushauri uhamie CDI, mfumo wa cheche wa kielektroniki usio na platini. Mimi sioni sababu, platini ikipigwa msasa laini na kuachiwa nafasi ya kama milimita 0.35 inatoa cheche safi.

Breki shuu badilisha hata kama zinaonekana nene, kwa sababu gundi ya zamani huachia. Hutaki kuligundua hilo ukiteremka kilima cha Bugando.

Ikishawaka, ikatembea na ukaridhika nayo, ndipo utoe zile kopo uvunguni. Msasa, praima, rangi. Wewe uko karibu na maji, kwa hiyo usipulize jioni taa zikiwaka: wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi watanasa wote kwenye tangi bichi, utaanza upya. Puliza asubuhi kabla upepo haujaamka, na kabla ya saa nane tangi liwe limeshaingia ndani.