Kabla Hujamwomba Mama wa Watu Damu ya Mwanawe

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la saba, tukikaa Langoni, Lamu mjini. Alfajiri moja mama aliamka kuswali akashindwa kusujudu. Vifundo vya miguu vimevimba, vidole vimekakamaa, homa inamchoma. Kufika Ijumaa ami yangu, nahodha aliyezoea kupanda mlingoti, alikuwa akishuka ngazi za nyumba kwa kukaa, kipandio kimoja kimoja, mkono ukutani. Wengi walidhani ni malaria. Walimeza dawa ya malaria na homa isitikisike. Baadaye ndipo tuliposikia jina chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu; ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, na hakuna mtu Lamu aliyehitaji kufasiriwa.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Watu walihifadhi maji kwenye mapipa na mitungi, wakiongeza kidogo kidogo bila kuyamwaga yote. Nyumba zetu za kale zina birika lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Pipa la plastiki halina samaki. Bibi yangu alilisema hilo siku zilezile, amelala kwenye kitanda cha kamba, na sikumtia maanani.

Oktoba mwaka huo damu za watu 288 kisiwani zilipimwa, na robo tatu yao walikutwa na kingamwili za chikungunya, yaani zile kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa. Hesabu hiyo niliikuta mwaka wangu wa pili chuo kikuu. Niliisoma nikasimama, nikatoka nje ya maktaba. Miezi ile yote ya mama kushindwa kukanda unga wa mahamri ilikuwa imeandikwa damuni mwake, na mtu mwenye vifaa angeweza kuisoma. Nikajifunza kwamba kuna kingamwili zinazotangulia, ziitwazo IgM, zinazoonyesha kwamba ugonjwa umepita karibuni, na kuna IgG zinazochelewa kidogo lakini hukaa miaka. Virusi vilevile vilionekana Mombasa kabla mwaka haujaisha, na mwaka 2005 vikawa Komoro, kisha Réunion. Safari ya jahazi, kisiwa hadi kisiwa. Hapo ndipo nilipojua nitasoma nini maishani.

Siku hizi vijana wa Lamu na Malindi huniandikia wakitaka kuingia katika utafiti wa chanjo. Wanauliza wasome nini. Jibu langu ni fupi: biolojia na kemia, na takwimu usizikimbie, kwa sababu maabara bila hesabu ni chumba cha friza tu. Kama wataka mfano wa mtu, msome Profesa Faith Osier, daktari wa watoto kutoka Kenya aliyefanya utafiti wa kingamwili za malaria pale Kilifi, kisha akawa rais wa muungano wa kimataifa wa vyama vya imunolojia, elimu ya kinga ya mwili. Njia ipo.

Lakini kuna jambo wasiloniuliza, na ndilo ninalotaka kukaa nalo. Jifunze kuieleza kazi yako kwa Kiswahili cha nyumbani, mpaka kila swali la mwenye damu lipate jibu la kweli. Usingoje uwe profesa. Anza kabla hujagusa sindano ya kwanza.

Mimi nilianza vibaya. Utafiti wangu wa kwanza ulinipeleka bara ya Malindi, kijiji kimoja njia ya Jilore. Mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe wa miaka mitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Damu ya mwanangu mwaipeleka wapi?" Nikamjibu, "Maabara, kwa uchunguzi." Akauliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayenipa nafasi ya pili: "Wapi?" Nikarudia lilelile. Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaenda zake shambani. Mwenzangu wa nyanjani, Mgiriama wa palepale, alingoja tukiwa njiani ndipo akaniambia: "Dada, umesema maneno ambayo hata mumiani angeyasema."

Kila mtu wa pwani amelelewa na hofu ya mumiani, yule anyonyaye damu za watu akazifanye dawa ya kuuza. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kuiita hofu hiyo ujinga. Si ujinga. Mtu asiyejulikana amekuja na gari, anataka damu ya mtoto, hasemi ni kiasi gani, hasemi inakwenda wapi, na akishaondoka harudi. Ungekuwa wewe, ungempa?

Sasa huwa nabeba kijiko cha chai. Naweka kijiko mkekani na kando yake naweka kichupa kitupu, nasema: nitatoa mililita 5, ni kijiko hiki kimoja kikijaa. Naonyesha kwenye kichupa damu itafika mstari gani. Nasema kichupa kitazungushwa kwenye mashine mpaka wekundu ukae chini na juu yabaki maji ya manjano, rangi ya samli iliyoyeyuka, na kingamwili zimo katika maji hayo. Nasema yanahifadhiwa mji gani, kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa miaka mingapi, nani ana ruhusa ya kuyatoa, na kama kuna sehemu itakayosafirishwa nje ya nchi, naitaja nchi yenyewe. Nasema pia kwamba akikataa, mtoto atatibiwa zahanati kama kawaida. Yachukua dakika ishirini. Viongozi wengine wa utafiti huona ni nyingi. Mimi naona ndizo dakika ishirini za maana kuliko zote za siku.

Na urudi. Hili nalitilia mkazo kwa sababu utafiti ule wa kwanza haukurudi, na nilikuwa mmoja wa waliosahau. Matokeo tuliyachapisha kwa Kiingereza, tukapongezana. Yule mama wa Jilore na majirani zake waliokubali hawakuambiwa lolote. Nilirudi mwenyewe baada ya miaka minne, bila gari la mradi, nikawaeleza tulichokiona katika damu za watoto wao. Mzee mmoja alisema, "Tulidhani mmekufa." Hakuwa anatania.

Kosa langu la pili lilikuwa la kuahidi kupita kiasi, na hili liliniuma zaidi. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi ikiwemo, kwa watoto wachanga na wadogo 15,459. Kenya ilianza kuitoa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019. Binamu yangu ameolewa huko. Alinipigia simu: mwanawe ana miezi sita, wauguzi wanamwambia ampeleke, afanye nini? Nikamwambia kwa furaha, "Mpeleke, atakingwa na malaria." Alimpeleka. Akapata dozi zake. Miezi kadhaa baadaye akanipigia akiwa wodini, mtoto ana dripu mkononi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, si ulisema?" Chandarua alikuwa amekikunja akakiweka kabatini. Alielewa maneno yangu kama yalivyosemwa.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini nililazimika kukaa chini nijiulize ningemwambiaje.

Mbu akiuma, humwaga kwenye ngozi vimelea vichache tu vya malaria. Vinakimbilia ini, na vingine hufika katika muda usiozidi saa moja. Kingamwili zilizotengenezwa na chanjo zina muda huo tu wa kuvikamata. Kikipenya kimoja, kikajificha ndani ya seli ya ini, siku chache baadaye vitatoka vimelea maelfu kwa maelfu, na sura yake imebadilika: chanjo hii ilifundisha mwili kuitambua sura ya kwanza, si ya pili. Tena kingamwili hizo hupungua mwezi hadi mwezi, ndiyo maana ipo dozi ya nne. Katika jaribio lile, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote nne walipungukiwa na visa vya malaria kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne.

Asilimia haimwambii mama kitu. Siku hizi nasema hivi: "Kama mwanao angeugua malaria mara tatu, chanjo yaweza kumwondolea mara moja hivi. Hizo nyingine zinataka chandarua na zinataka umwahishe zahanati." Wenzangu wengine huogopa kwamba tukisema hivyo watu watakataa. Kwangu imekuwa kinyume. Mama anayelala wodini na mtoto kila msimu wa mvua hahitaji kushawishiwa kwamba mara moja pungufu ni kitu. Anachotaka ni kujua kwamba humdanganyi. Ndivyo ninavyoieleza pia chanjo ya pili ya malaria, R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa Kilifi: ni nyongeza ya ulinzi, na chandarua kinabaki juu ya kitanda.

Ukiulizwa kwa nini watu wazima wa pwani huugua malaria bila kulazwa ilhali watoto wao hufa, una hadithi nzuri ya kusimulia, na ni ya kweli. Mwaka 1961, huko Gambia, Sydney Cohen na Ian McGregor walichuja kingamwili kutoka damu ya watu wazima wakawadunga nazo watoto waliokuwa wakiugua malaria, na vimelea vikapungua damuni mwa watoto wale. Mwili uliougua miaka mingi ulikuwa na dawa. Wazee hupenda sana hadithi hii. Kazi yetu ya leo ni kuzitafuta, kati ya kingamwili nyingi za mtu mzima, zile zinazofanya kazi.

Neno kuhusu wauguzi wa chanjo. Kijana wa maabara asiwadharau. Nimewahi kufuatana na muuguzi mmoja kutoka Lamu kwenda Faza kwa boti. Asubuhi alitoa vibarafu vya sanduku la baridi kwenye friza akavipanga mezani, akakaa. Nahodha akalalamika kwamba maji yanakupwa na mlango wa bahari wa Mkanda utapitika kwa shida. Muuguzi hakuinuka. Kila baada ya dakika chache alichukua kibarafu, akakiweka sikioni, akakitikisa. Aliposikia maji yakicheza ndani ndipo alipovipanga sandukuni pamoja na chanjo. Barafu iliyotoka tu kwenye friza huigandisha chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B, ile chumvi ya alumini iliyomo hujikusanya mabonge, na chanjo iliyoganda haitengenezeki tena. Kile kialama cha chupani kinachobadilika rangi huonyesha joto tu, hakionyeshi kwamba chanjo iliganda. Nilikuwa na shahada mbili siku ile, na lile la kusikiliza kibarafu nilifundishwa na yeye.

Mimi mwenyewe nina desturi ambayo naomba uichukue. Kabla fomu yoyote ya ridhaa haijaenda kijijini, naipeleka Langoni kwa shangazi yangu. Hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Akiniona na karatasi huniambia, "Ndoo ukae," yaani njoo ukae, kisha humenya mbatata huku mimi nikisoma kwa sauti. Asipouliza kitu, najua hakuelewa, naandika upya.

Mwezi uliopita nilimsomea fomu ya utafiti mpya. Kijiko alikikubali. Miaka ya kuhifadhi alikubali. Nilipofika kwenye friza akaweka kisu chini.

"Na stima ikipotea?"

Lamu stima hupotea, yeye anajua hivyo kuliko mtu yeyote, ana samaki waliomharibikia. Nikamwambia kuna jenereta, na kengele inayompigia simu mlinzi usiku. Akaniuliza mbona halikuandikwa. Nikatazama karatasi. Kweli halikuwemo. Nikaliandika pembeni kwa kalamu, na sasa limo katika kila fomu tunayoitoa, ukurasa wa pili, chini ya neno friza.