Trauti wa Soča mwezi wa tano

Ndugu uliyeuliza kama mwezi wa tano unafaa kuvua trauti (samaki wa maji baridi) kwenye mto Soča kule Slovenia, nenda tu, wapo, ila angalia saa maana usiku theluji ya milimani inaganda tena so asubuhi mto unakua mdogo na maji safi, jua likikolea inayeyuka na kufika jioni maji yamejaa yamechafuka hutaona kitu. Mi ningeanza saa tatu hivi. Usirushe katikati kwenye mkondo mkali, samaki wamejificha pembeni na nyuma ya mawe, maji baridi hawataki kukimbizana na chambo kwahiyo tumia nzi bandia (ndoano iliyotengenezwa ifanane na mdudu) mzito azame mpaka chini. Na ndoano iwe haina kijino (kile kincha cha nyuma kinachozuia samaki asichomoke), halafu kibali chenyewe cha kuvua bei imechangamka 😅