Maswali ya Wasomaji: Kati ya Inchi na Milimita

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala. Michoro ninayoletewa huandikwa kwa milimita, ilhali mbao ninazonunua hutajwa kwa inchi na urefu wake kwa futi. Nimezoea kuhesabu inchi moja kuwa sentimita mbili na nusu, lakini makabati marefu hayakai sawa. Kosa liko wapi, na je, niachane kabisa na inchi?

JIBU: Ndugu seremala, kosa liko katika hiyo nusu. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kuwa yadi moja, yaani inchi 36, ni mita 0.9144, na tangu hapo inchi ni milimita 25.4 kamili. Ukiihesabu kuwa 25 unapunguza sehemu nne za kumi za milimita katika kila inchi, upungufu usioonekana kwenye droo lakini unaojilimbikiza kadiri kazi inavyorefuka. Ubao wa futi 8 una inchi 96, yaani sentimita 243.84, nawe utauandika kuwa na sentimita 240. Karibu sentimita nne zimepotea kabla hujashika msumeno.

Liko jambo la pili, nalo huwaponza hata mafundi wazoefu. Inchi inayotajwa sokoni mara nyingi ni jina tu la bidhaa. Ubao uitwao mbili kwa nne huko Marekani, ukishakaushwa na kupigwa randa, una milimita 38 kwa 89, kwa sababu jina lake lilitokana na ukubwa wa ubao mbichi uliotoka kwenye msumeno. Mabomba nayo ni vivyo hivyo: bomba la chuma la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21 na kidogo, na mtu akilipima kwa rula akitafuta hiyo nusu inchi, hataipata popote.

Kwa hiyo usiachane na inchi, bali iache dukani. Itumie kuagizia, kisha ubao ukifika upime wenyewe kwa upande wa milimita wa futi kamba yako, na kuanzia hapo kazi yote iende kwa milimita hadi mwisho. Ikibidi kubadilisha kipimo, kibadilishe mara moja tu kutoka kwenye namba ya awali, na ukadirie mwishoni. Anayetoka inchi kwenda sentimita, akakadiria, kisha akarudi inchi, hubeba makosa mawili badala ya moja. Zaidi ya hayo, mteja akikuandikia futi 5.5, usisome futi tano na inchi tano: nusu ya futi ni inchi sita.

SWALI: Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi. Kuna ubaya gani nikiitumia?

JIBU: Namba 13 ni milimita 13, na nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo spana hiyo inacheza, na nati iliyokaza itavunjwa pembe zake kabla ya kufunguka. Namba 19 na robo tatu ya inchi ndizo zinazoelewana, kwa kuwa robo tatu ni milimita 19.05. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye bolti. Bolti ya milimita 8 na ile ya sehemu tano za kumi na sita za inchi zinakaribiana unene kiasi cha kumdanganya mtu, lakini nafasi kati ya mikato yake si sawa. Nati ikizunguka kidogo kisha ikakwama, itoe. Ukilazimisha utaharibu vyote viwili.

SWALI: Mizani yetu ya nyumbani inaonyesha ratili. Maelekezo ya dawa ya mtoto yanataka uzito wa kilo. Je, nigawe kwa mbili tu?

JIBU: Ndugu mzazi, hapana. Kilo moja ni ratili 2.2 na ushee kidogo, kwa hiyo mtoto wa ratili 33 ana kilo 15, ambapo kugawa kwa mbili kungempa kilo 16 na nusu. Hata hivyo kosa linalotisha zaidi ni kusahau kugawa kabisa: 33 ikiandikwa mahali pa kilo, mtoto atapewa dozi zaidi ya maradufu. Mizani nyingi za kielektroniki zina kitufe cha kubadilisha kipimo. Iweke kwenye kilo na uiache hapo. Vilevile pima dawa ya maji kwa bomba la sindano au kikombe kilichokuja nayo, chenye alama za mililita, kwa sababu kijiko cha mezani, cha mililita 15, hubeba mara tatu ya kijiko cha chai.

Asidhani mtu kwamba makosa ya namna hii ni ya wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani, kwa kuwa waliokokotoa mafuta yake walitumia 1.77, uzito wa lita moja kwa ratili, wakayachukua majibu kuwa ni kilo. Ndege ilipaa ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Marubani waliitelezesha bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni jina la kipimo mbele ya namba. Ndiyo maana nasisitiza: andika kilo au ratili kila mara, hata kwenye karatasi utakayoitupa.

SWALI: Gari langu linasemwa linakwenda maili 30 kwa galoni. Ni kilomita ngapi kwa lita?

JIBU: Inategemea galoni ya nani. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Kwa ya kwanza utapata takriban kilomita 10.6 kwa lita, kwa ya pili 12.8. Angalia kitabu cha gari kiliandikwa kwa ajili ya soko gani.

SWALI: Na tairi lililoandikwa 205/55 R16, hizo ni milimita au inchi?

JIBU: Ni zote mbili. Upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Usibadilishe chochote, nakili maandishi yalivyo ubavuni mwa tairi, herufi kwa herufi, unapoagiza jingine.