Kura ya tokeni zilizoachwa sokoni

SWALI: Ndugu Mhariri, katika SACCOS yetu kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa chache au nyingi. Nimenunua tokeni za mradi wa sarafu za kidijitali unaosema kwamba maamuzi yote hufanywa na wenye tokeni, nami nimeziacha katika soko nilikozinunulia. Je, kura yangu ina uzito wowote? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, katika miradi mingi ya aina hiyo kinachohesabiwa ni tokeni, si watu. SACCOS inamtambua mwanachama kwa kitambulisho, ilhali mtu mmoja anaweza kufungua pochi mia za kidijitali, na ndiyo maana utaratibu wenu hauhamishiki huko kwa urahisi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kuziacha tokeni sokoni, kwa sababu anayeshika funguo za pochi, yaani namba zake za siri, ndiye mwenye uwezo wa kupiga kura, hata kama mali si yake.

Hayo yalitokea mwaka 2020 katika mtandao wa Steem, wenye sarafu yake ya kidijitali. Mtandao huo uliongozwa na mashahidi 20 wakuu, yaani waendeshaji wa kompyuta zinazothibitisha miamala, na kila mwenye sarafu zilizofungwa, zisizoweza kuuzwa mara moja, aliruhusiwa kuchagua hadi 30, akimpa kila mmoja uzito wa akiba yake yote bila kuugawa. Kanuni hiyo ni ya hatari kuliko inavyoonekana: aliyewazidi wenzake kwa akiba hakupata viti vingi tu, bali aliweza kuvijaza vyote. Februari, Justin Sun, mwanzilishi wa mradi wa sarafu wa Tron, alinunua kampuni ya Steemit, iliyoanzisha mtandao huo na iliyokuwa na akiba kubwa ya sarafu hizo, na mashahidi wakaizuia akiba hiyo isipige kura. Tarehe 2 Machi, masoko ya Binance, Huobi na Poloniex yalipiga kura kwa kutumia sarafu za wateja wao, na mashahidi hao wakang'olewa. Ili kupiga kura hiyo ilibidi sarafu zifungwe, na zikishafungwa, kuzifungua kulichukua wiki 13. Wateja waliokuwa wameziweka pale kwa biashara tu hawakuulizwa, na hilo kwangu ni dhuluma. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, lakini sehemu kubwa ya jumuiya iliamua kuhama, ikaanzisha mtandao wa Hive tarehe 20 Machi.

Ukitaka kupiga kura, zihamishie tokeni kwenye pochi ambayo funguo zake unazo wewe, kisha utazame orodha ya pochi kubwa, ambayo kwa kawaida iko wazi kwa kila mtu, uone ni ngapi zikiungana zinatosha kupitisha pendekezo.