Kidole tumbo na bakteria wasiotarajiwa

Daktari, nilitolewa kidole tumbo wiki tatu zilizopita. Majibu ya patholojia yanasema ni kifua kikuu, nami hata sikohoi. Yawezekana?

Yawezekana. TB ya tumbo hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na kidole tumbo kiko hapo hapo. Kukitoa hakujamaliza ugonjwa. Utatumia dawa miezi 6: miwili ya kwanza rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya hizo mbili za mwanzo. Piga picha ya kifua, pima VVU.

Kwa wenzetu wa chumba cha upasuaji: fomalini, maji ya kuhifadhia nyama inayokwenda patholojia, huua vimelea, havitaoteshwa tena. Mkishuku TB, kata kipande, kiweke kwenye chupa safi yenye maji chumvi ya dripu, kiende maabara kuoteshwa na kupimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB. Kilichobaki ndicho kiingie fomalini. Tafadhali, kidole tumbo kisitupwe kwenye ndoo.

Mwanangu alipasuliwa, kikakutwa kizima. Walikosea?

Si lazima. Bakteria aitwaye Yersinia huvimbisha tezi za tumboni na mwisho wa utumbo mwembamba, maumivu yakakaa kulia chini vilevile. Mwaka 1976, jimboni New York, Marekani, maziwa ya chokoleti yenye bakteria huyu yaliwafanya watoto wa shule waugue. 16 walitolewa vidole tumbo. Yersinia huzaliana hata kwenye friji ya nyuzi 4, hivyo baridi si mbadala wa kuchemsha maziwa. Kukiwa na homa na kuhara, ultrasaundi ifanyike kwanza, na maabara iambiwe inatafuta Yersinia: hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 28, si 37 za kawaida.

Nimekutwa na Actinomyces. Amoksilini miezi sita si nyingi mno?

Si nyingi. Bakteria huyu huishi mdomoni na tumboni kwa amani; utando ukitoboka huzama kwenye nyama na kujenga uvimbe mgumu unaofanana na saratani. Ndani ya kovu hilo damu hupita kwa shida, na dawa vilevile. Ukiikatiza, hurudi.

Nikihisi dalili za kidole tumbo nimeze antibiotiki nyumbani?

Hapana. Maumivu yakianzia kitovuni yakahamia kulia chini, na chakula hakipiti, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usinywe haluli. Yakitulia ghafla kisha tumbo zima likakaza, huenda kimeshapasuka.