Mtu wa visiwani akitaka kuona maziwa ya Mlima Kenya

Wanaoniuliza habari za Mlima Kenya karibu wote huuliza kilele. Mimi huwaambia waanze na maziwa. Kwetu Unguja hata ukipanda Masingini, hufiki mita 150 juu ya bahari. Ziwa Ellis, upande wa Chogoria, mashariki ya mlima, liko karibu mita 3,500, na Ziwa Michaelson, lililochimbwa na barafu ya kale katika bonde la Gorges, liko karibu mita 4,000. Kwa mapafu yaliyokulia Forodhani, hiyo ni safari tosha.

Kinachowashinda watu si kutembea, ni pahala pa kulala. Mkishapita mita 3,000, pahala pa kulala usiku mmoja pasiwe juu ya pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500. Lango la Chogoria liko karibu mita 2,950. Laleni hapo hata mkijiona mna nguvu. Kesho yake nendeni Ellis, mlale, ndipo muifikirie Michaelson. Ellis peke yake inatosha kwa mara ya kwanza, mimi naona hivyo. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana wa mpira: hutangulia mbio, na pumzi za uwanjani hazimkingi mtu na maradhi ya mwinuko, yale yanayoletwa na hewa nyepesi ya juu. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, msipande zaidi. Mtu akipepesuka, au akihema hali amekaa, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma huku kwetu. Masika msiende.

Maharage yaacheni nyumbani. Kwenye mita 4,000 maji huchemka kwa nyuzi 87 hivi, mtamaliza gesi na bado yanagonga meno. Chukueni tende, visheti na unga wa uji. Halua ya Wete hukakamaa kwa baridi, lakini hakuna aliyewahi kuirudisha.

Udhu wa alfajiri nao una kazi yake. Msafiri ana ruhusa ya kupaka maji juu ya khuffu, zile soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, siku tatu na usiku wake, akizivaa akiwa na udhu kamili; masharti yake muulizeni sheikh wenu kabla ya kupanda boti.

Na aliyezaliwa ufukweni Nungwi asije akavua shati ziwani. Baridi ile hukata pumzi ukiingia tu, na mikono huishiwa nguvu kabla hujageuka kurudi. Kunawa uso kunatosha.