Shangazi, "binamu" yangu ananipiga

Mwanangu wa Pasua, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema huu ni mwaka wa tatu unaishi na mpenzi wako, na majirani hapo Moshi wanajua ni binamu yako. Simu yako anaishika yeye, saa ya kufunga meza yako sokoni Mbuyuni anapanga yeye, na juma lililopita alikukaba shingo. Halafu unaniuliza: "Sote ni wanawake, na mimi nilishamsukuma siku moja. Huu ni ukatili au ugomvi tu?"

Ni ukatili, mwanangu. Umeniandikia kwamba unasonga ugali huku sikio liko getini, na namna anavyolibamiza geti ndiyo inakuambia usiku utakuwaje. Je, yeye naye husikiliza hatua zako hivyo? Anayeishi kwa hofu humo ndani ni mmoja. Kumsukuma ili upate njia ya mlango hakukufanyi mpigaji. Tumezoea mno kwamba mpigaji ni mume, hata wewe unayepigwa ukashindwa kujiona.

Kinachonichoma zaidi ni ile kauli yake: "Ukiondoka, nawaambia kwenu Marangu." Hapo ndipo amekufunga. Hofu yako naielewa; Kanuni ya Adhabu inaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo, na ndugu zetu tunawajua. Lakini kumpiga mtu ni kosa, awe nani wako. Ukiamua kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, sema kipigo: ninayeishi naye chumba kimoja amenikaba. Mengine huna deni la kumweleza mtu.

Usimwage siri kwa mwenye nyumba wala shosti wa sokoni. Huyo dada yako wa Rau unayemwamini, mpelekee kidogo kidogo kitambulisho, nguo mbili na hela ya mtaji, na umwambie ukweli wa kipigo kabla mwenzio hajatunga wake. Siku ya kuondoka usiage. Wapigaji wengi huwa wabaya zaidi wakijua unaondoka.

Ila shingo haingoji. Umesema unajifunga mtandio juani kuficha alama, sauti imekauka na kumeza mate kunauma. Kukabwa huumiza ndani hata alama zikififia, na madhara huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Kesho asubuhi, kabla ya sokoni, pitia hospitali ya Mawenzi. Mwambie daktari: nilikabwa, siku fulani, kwa mikono.